Ukipanda Monasteri, Shuka na Kijijini

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazee wetu mlioanza kupanda Kibo kabla wengine hatujazaliwa, ninyi wagumu, wapagazi wetu, mlioteremka juzi na bado magoti yanawauma, na wanafunzi wote mnaosomea kuongoza watalii hapa Moshi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie monasteri za Wabudha wa Ladakh, huko Himalaya, na namna ya kuzitembelea. Nitafanya hivyo. Ila nawaambia mapema kwamba nitakaa sana kwenye mashamba ya shayiri, kwenye mifereji na jikoni kwa watu, na chooni pia nitapita. Mgeni anayepakiwa kwenye gari mjini Leh asubuhi, akapandishwa mpaka mlangoni pa monasteri, akapiga picha sanamu, akateremshwa kuwahi chakula cha mchana, ameona jengo. Wanaolilisha jengo hilo wanaishi chini yake, na yeye amewapita barabarani bila kupunguza mwendo.

Nianze na mahali penyewe. Ladakh iko kaskazini kabisa mwa India, katikati ya safu za Himalaya na Karakoram, jirani na Tibet. Hadi mwaka 2019 ilikuwa sehemu ya jimbo la Jammu na Kashmir. Tangu tarehe 31 Oktoba mwaka huo inatawaliwa moja kwa moja na serikali kuu ya Delhi. Eneo lake ni kilomita za mraba 59,000 hivi, zaidi ya mara nne ya mkoa wetu wa Kilimanjaro. Watu sasa: sensa ya 2011 iliwakuta 274,000 na ushei, wakati sisi kwenye mkoa wetu tulihesabiwa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2022. Kwa hiyo mkiona picha za milima mitupu isiyo na mtu, ndivyo kulivyo.

Mji mkuu, Leh, uko mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Ninyi hapa sina haja ya kuwaeleza maana yake. Horombo, kambi yetu ya Kilimanjaro, ni mita 3,720. Sasa fikirieni mji mzima wenye benki, shule, hospitali, foleni ya magari na akina mama waliojipanga barabarani wakiuza mboga, umekaa karibu na kimo cha kambi ambayo wageni wetu huifikia siku ya pili wakiwa wameshaanza kulalamikia kichwa. Tena mgeni wa Leh mara nyingi hafiki kwa miguu. Anapanda ndege Delhi, mji ulio chini ya mita 250, na baada ya saa moja na nusu hivi anashushwa hapo. Hakuna kulala kwanza kambi ya Mandara, hakuna pole pole. Wenyeji wanamsihi apumzike. Wengi hawapumziki, kwa kuwa likizo ni ya wiki moja na kesho yake wameshalipia gari la kuvuka Khardung La kwenda bonde la Nubra. Khardung La ni barabara inayokatiza mlima kwenye mita 5,359. Kwa miaka mingi kibao cha pale juu kilidai futi 18,380, ambazo ni zaidi ya mita 5,600, na wageni wakajipiga picha chini yake kwa fahari. Vipimo vya kisasa vilipofika vikaushusha mlima. Nawaomba wanafunzi: namba ya kwenye kibao mwachieni kibao, ninyi pimeni.

Ushauri wangu kwa yeyote atakayempeleka mtu kule ni mfupi. Siku mbili za kwanza ni za maji, usingizi na matembezi ya taratibu sokoni. Monasteri zina miaka mia tano, mia tisa, elfu, hazitahama kesho. Na karibu zote zina ngazi.

Jambo la pili la kujua kuhusu Ladakh ni ukavu. Himalaya inazuia mvua za masika ya India zisivuke, na Leh hupata milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, au pungufu. Hilo ni jangwa. Ukitazama kutoka dirishani kwenye ndege unaona mawe ya rangi ya kahawia na zambarau, halafu ghafla doa la kijani lenye mipaka iliyonyooka utadhani limechorwa. Doa hilo ni kijiji. Karibu kila mti mnaouona ndani yake, uwe mpopla, mwerebi au mwaprikoti, kuna mtu aliupanda na kuna mtu anaupelekea maji. Juu ya doa hilo, kwenye mwamba usiofaa kulimwa, ndipo monasteri nyingi zilipojengwa. Shamba ni dogo na ni la thamani mno, hakuna anayejenga juu ya shamba.

Sasa twende Thiksey. Iko kilomita 19 hivi kutoka Leh, imejengwa karne ya 15, orofa 12 zinazoteremka mlimani kwa ngazi, kuta nyeupe na chache nyekundu na njano. Wengi huenda kuona sanamu ya Maitreya, Budha ajaye, yenye kimo cha mita 15 hivi, iliyowekwa kama kumbukumbu ya ziara ya Dalai Lama mwaka 1970. Ni nzuri kwelikweli. Lakini mimi ningewaamsha wageni saa kumi usiku ili wawahi sala ya alfajiri. Watawa wawili wanapanda juu ya paa na kupuliza tarumbeta ndefu za shaba, sauti nzito inayoingia kifuani kabla ya masikioni, na bonde zima la mto Indus linasikia. Kisha wote wanaingia ukumbini, wakubwa mbele, watoto nyuma, wanakaa kwenye magodoro marefu membamba na kuanza kusoma. Mgeni anaruhusiwa kukaa pembeni ya ukuta.

Najua hapa ukumbini kuna wa kanisani na wa msikitini, na kuna anayejiuliza mtu wa imani nyingine akae vipi mle ndani. Akae kama unavyokaa msibani kwa jirani wa dini nyingine: kimya, kwa adabu, bila kuigiza yasiyo yako. Vua viatu na kofia. Usikae kwenye godoro la mtawa hata kama liko wazi, usielekeze nyayo kwenye sanamu, usiruke kitabu kilicholazwa sakafuni. Ukizunguka kitu kitakatifu, kibaki mkono wako wa kulia. Hata njiani vijijini mtakuta kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maneno ya sala. Nazo zipite zikiwa kuliani. Na jiwe moja lisiingie kwenye mkoba wa mgeni. Nimeona likiingia, na nimeona kijana aliyekuwa akiongoza kundi hilo akitazama pembeni kwa sababu bahshishi ilikuwa bado haijatolewa.

Katikati ya sala kunatokea jambo ambalo wageni hulichukulia kama mapumziko. Watawa watoto, wengine wa miaka minane au tisa, wanatoka mbio miguu mitupu na kurudi na mabuli makubwa ya chai, wanakimbia kwenye vijia kati ya safu na kumimina. Chai ile ni ya siagi na chumvi. Kila mtawa anatoa bakuli lake kwenye mikunjo ya joho, na kifuko cha unga wa shayiri iliyokaangwa. Anatia unga kwenye chai, anakanda kwa vidole mumo humo bakulini mpaka linakuwa donge, analimega kama tonge la ugali, anakula, na sala inaendelea.

Kwa macho ya mgeni ni kifungua kinywa. Mimi nataka mwanafunzi wa hapa ajiulize: unga ule umetoka wapi? Siagi ya kwenye chai, na ile inayowaka kwenye taa zilizopangwa mbele ya sanamu, nani ameikamua na kuisukasuka? Watawa wengi hawafugi. Jibu lipo chini ya mlima. Familia fulani imefiwa, au ina mgonjwa, au imepata mtoto, na imelipia chai ya asubuhi hiyo pamoja na sala. Monasteri nyingi pia zina mashamba yao wenyewe, yanayolimwa na wanakijiji kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Mtawa naye anashuka: anakwenda nyumbani kwa watu kusoma vitabu siku za matanga, anaombea shamba kabla ya kupanda, anaombea nyumba mwaka mpya ukiingia. Watu wa chini wanatoa nafaka na watoto, wa juu wanarudisha sala, elimu na hukumu za ugomvi. Si mkataba wa watu sawa siku zote, na nitalirudia hilo nikifika kwa watawa wa kike.

Kwanza hao watoto. Zamani ilikuwa kawaida nyumba kutoa angalau mtoto mmoja wa kiume. Kulikuwa na uchumi ndani yake. Shamba linalopata maji ni dogo, ukiligawa kwa wana wanne hakuna atakayeshiba. Kwa hiyo Ladakh ndugu walioa mke mmoja kwa pamoja, nyumba ikabaki moja na shamba moja, na mwana mwingine akaenda monasteri. Ndoa hizo zilipigwa marufuku kisheria miaka ya 1940, na siku hizi ni nadra. Leo mtoto wa kijijini ana shule ya serikali, ana jeshi ambalo ndilo mwajiri mkubwa mpakani pale, ana gari la watalii la kuendesha. Wanaoingia utawa wamepungua, na baadhi ya wanaoingia wanapelekwa kusoma Karnataka, kusini mwa India, kwenye monasteri kubwa zilizojengwa upya na wakimbizi wa Tibet. Ukikuta monasteri ina vyumba hamsini na moshi unatoka kwenye vitano, usimwambie mgeni kwamba watawa wamelala.

Nitapita haraka Hemis, Likir na Lamayuru, ingawa Lamayuru na vilima vyake vya udongo wa njano, masalia ya ziwa la kale, inastahili hotuba yake. Nataka kukaa Alchi.

Alchi ni tofauti. Haiko juu ya mwamba. Iko katikati ya kijiji, tambarare, kati ya miaprikoti, unaweza ukaipita ukidhani ni ghala. Majengo yake ya kale ni ya karne ya 11 hadi ya 13. Jengo la orofa tatu liitwalo Sumtsek lina mlango wa mbao iliyochongwa, mdogo kiasi kwamba unainama kuingia. Ndani ni giza. Macho yakizoea unaona miguu. Miguu mikubwa ya udongo, jozi tatu, kwenye vishubaka vitatu, na ukiinua kichwa kiwiliwili kinapanda, kinapita kwenye tundu la dari, na uso uko orofa ya juu, hauuoni vizuri. Kisha unatazama nguo walizofungwa viunoni sanamu hizo, na hapo ndipo penye ajabu. Zimechorwa picha ndogo ndogo, kila moja si kubwa kuliko kiganja: kwenye moja maisha ya Budha, kwenye nyingine majumba na mahekalu na watu wa tabaka la juu, kwenye ya tatu walimu wa kale 84. Wachoraji walikuwa wa mtindo wa Kashmir. Kashmir wakati huo ilikuwa kitovu cha elimu ya Kibudha na Kihindu. Baadaye ikawa nchi ya Waislamu, na michoro ya namna hiyo kwao wenyewe haikubaki. Mtu anayetaka kujua Kashmir ya miaka 800 iliyopita ilichoraje, inambidi aende kwenye kijiji hiki cha wakulima ng'ambo ya milima.

Imebakije? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba ilisahauliwa. Shughuli kubwa za ibada zilihamia kwingine karne nyingi zilizopita, kwa hiyo taa za siagi hazikuwaka mle kwa wingi wa kuzivika kuta masizi, na hakuna tajiri mcha Mungu aliyejitolea kupaka rangi mpya. Sasa wanaoitunza ni watawa wa Likir, na kupiga picha ndani hakuruhusiwi. Adui wake mpya ni maji, maana mapaa yale ya udongo yalijengwa kwa nchi isiyo na mvua, na mvua za ghafla zimekuwa zikija. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010 mvua kubwa ya ghafla ilipiga Leh na Choglamsar, tope likashuka na kuua watu zaidi ya 200. Wazee waliofinyanga mapaa hayo hawakuwa na sababu ya kuliwazia hilo.

Tumefika kwenye maji, na hapa watu wa Marangu, Machame na Kibosho nisikilizeni vizuri. Mto Indus unapita katikati ya Ladakh, lakini umejichimbia chini sana. Mkulima anauona na hawezi kuupandisha. Maji ya shamba yanatoka juu, kwenye theluji na barafu za milimani, kwa kijito cha pembeni, kwenye mfereji uliochongwa kando ya mlima, hadi bwawa dogo la kijiji, na kutoka hapo yanagawanywa. Anayegawa huitwa churpon. Wanakijiji wanamteua, au nyumba zinapokezana. Yeye ndiye anayesema leo maji yanakwenda kwa nani, kwa muda gani, na anafungua njia kwa kuondoa jiwe na kuziba kwa donge la nyasi na udongo. Mwenye kuiba maji usiku anajulikana asubuhi. Wenye mifongo, mifereji yetu ya Kichaga, hamhitaji mkalimani hapo. Na kama mzee wa mfongo kutoka Marangu angekutanishwa na churpon, nina hakika wangemaliza siku wakilalamikia vijana wasiokuja kusafisha mfereji.

Tatizo la Ladakh ni majira. Shayiri inapandwa kuanzia Aprili mwishoni hadi Mei, maana kiangazi ni kifupi. Barafu ya juu inayeyuka kwa wingi Juni na Julai. Katikati kuna wiki ambazo mbegu iko ardhini na kijito ni kikavu. Na barafu zinarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Kumik, kijiji cha kale huko Zanskar, wanakijiji walifikia uamuzi wa kuhamia bondeni na kuanza mashamba mapya, kwa kuwa theluji iliyokuwa ikiwanywesha imekwisha.

Mhandisi wa serikali, Chewang Norphel, aliona bomba lililoachwa wazi majira ya baridi ili lisigande na kupasuka. Maji yaliyomwagika kwenye kivuli cha miti yaliganda, wakati ya mfereji yanaendelea kutiririka. Kuanzia mwaka 1987 akawa anachepusha vijito vya baridi kwenye mabonde yenye kivuli juu ya vijiji, akiyapunguza kasi kwa kuta za mawe ili yagande hapo na kuyeyuka wakati wa kupanda. Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2015. Mhandisi mwingine, Sonam Wangchuk, akaongeza lake majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014: bomba linashusha maji kutoka juu, maji yanaruka yenyewe kwa msukumo wa mteremko, yanaganda hewani na kujijenga kuwa mnara wa barafu wenye umbo la koni. Koni ina uso mdogo wa kupigwa na jua kuliko barafu iliyotandazwa, kwa hiyo inadumu mpaka majira ya kupanda. Umbo lake ni la stupa, yale majengo ya kuhifadhia masalia matakatifu mnayoyaona kila njia panda kule, na jina likawa stupa za barafu. Kazi kubwa ya mwanzo ilifanyika Phyang, kijiji chenye monasteri, na monasteri iliunga mkono. Watawa walikuja kuombea mnara wa maji ya shamba. Yule mgeni wa kupiga picha sanamu na kuteremshwa hangeujua uhusiano huo hata angelipa tiketi mara kumi.

Nilisema nitapita chooni. Choo cha Ladakh ni chumba cha juu chenye tundu sakafuni, lundo la udongo mkavu na koleo. Ukimaliza unasukuma udongo kidogo. Hakuna maji, hakuna harufu ya kutisha, na baada ya miezi kadhaa mlango wa chini unafunguliwa, mbolea inakwenda shambani. Nyumba za wageni za Leh zimeacha hicho zikaweka vya kuvuta maji, kwa sababu wageni wanavitaka, na maji hayo yanapampwa kutoka visimani kwenye jangwa. Ladakh ilifunguliwa kwa watalii mwaka 1974, wakaja mia chache. Mwaka 2018 walizidi laki tatu, mwaka 2022 wakazidi laki tano, zaidi ya wenyeji wenyewe. Pigeni hesabu ya ndoo.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule anayepona mara nyingi ni mwenye hoteli Leh na mwenye gari. Lakini kuna vijiji vilivyotafuta njia. Rumbak, ndani ya hifadhi ya Hemis, chui wa theluji alikuwa adui: akiingia zizini usiku mmoja anaua kondoo na mbuzi wengi, na mwenye zizi analipiza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la kuhifadhi chui hao lilikaa na wanakijiji wakaanza utaratibu wa kulaza wageni majumbani, kwa zamu, ili kila nyumba ipate. Fedha zinashikwa zaidi na akina mama. Mazizi yakaezekwa kwa wavu. Sasa chui akionekana mlimani mtoto anakimbia kuwaita wageni.

Ukilala kwenye nyumba hizo unakaa jikoni, ndicho chumba kikuu. Jiko limenakshiwa, nyuma yake kuna rafu ndefu zenye masufuria ya shaba yaliyosuguliwa mpaka unajiona. Nafasi karibu na jiko ni ya mkubwa, kaa utakapoelekezwa. Chai ya siagi inasukwa kwenye chombo kirefu cha mbao, na kikombe chako kikipungua kidogo tu kinajazwa. Huwezi kukimaliza kwa haraka, usijaribu. Bibi wa nyumba niliyofikia alikuwa anazungusha gurudumu la sala kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unachambua mbaazi, na kati ya sala alikuwa anamgombeza mjukuu kuhusu simu.

Watawa wa kike niliahidi kuwarudia. Wageni hawapelekwi kwao, maana nyumba zao hazina sanamu za mita 15. Kwa muda mrefu mwanamke aliyeingia utawa Ladakh alibaki nyumbani kwao akilima na kulea watoto wa ndugu zake, au alifanya kazi kwenye mashamba ya monasteri ya wanaume, huku elimu ya vitabu na sadaka za wanakijiji zikienda kwa wanaume. Mwaka 1996 mtawa Tsering Palmo, mganga aliyesomea tiba ya jadi ya Kitibeti, alianzisha chama cha watawa wa kike wa Ladakh ili wapate shule, majengo yao na mafunzo ya tiba. Hali imebadilika, haijalingana. Nikiulizwa leo mgeni aache sadaka wapi, jibu langu ni huko kwanza.

Na msitoke hapa mkiamini Ladakh ni ya Wabudha peke yao. Waislamu ni karibu nusu ya watu. Wilaya ya Kargil wengi ni Washia, na Leh msikiti mkuu wa karne ya 17 uko sokoni, chini ya kasri la wafalme. Walioana, walifanya biashara ya misafara hadi Yarkand pamoja. Pia waligombana: kati ya 1989 na 1992 Wabudha waliwasusia Waislamu, hawakununua kwao wala kula nao. Miaka ya karibuni Leh na Kargil wamekuwa wakidai kwa sauti moja mamlaka zaidi juu ya ardhi na ajira zao. Septemba 2025 madai hayo yaliishia kwenye vurugu Leh, watu wanne wakauawa, na Wangchuk niliyemtaja akakamatwa. Muongoza watalii anayesimulia amani ya Himalaya bila kuyajua haya anauza kalenda.

Ya mwisho ni ya ratiba. Juni hadi Septemba barabara za kutoka Srinagar na Manali ziko wazi, aprikoti zinaiva, na sikukuu ya Hemis yenye ngoma za vinyago huangukia Juni au Julai. Fikeni mapema, safu za mbele zinajaa kamera na wenyeji wanasukumwa nyuma, jambo ambalo waandaaji wangeweza kulizuia kwa kamba moja tu. Sikukuu nyingi kiasili ni za majira ya baridi, shamba likiwa limelala, na baadhi ya monasteri zimezihamishia kiangazi kwa ajili ya watalii. Anayeweza kuvumilia baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri aende sikukuu ya monasteri ya Spituk Januari, atakaa na wanakijiji bega kwa bega. Mgeni wa kigeni anahitaji kibali cha serikali kwenda Nubra, ziwa Pangong na Tso Moriri, kwa kuwa ni karibu na mpaka. Vibali hupatikana Leh. Bebeni noti ndogo ndogo, mashine za benki zinaishia mjini. Na gharama za kulala kijijini mlipe mwenye nyumba mkononi, msimwachie dereva.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Maswali karibuni, mwalimu amenong'ona kwamba tuna nusu saa kabla kwaya haijachukua ukumbi.